Nyigu wa Mwaloni na Somo Lisilokwisha kwa Dakika 40

Mwanachuo aendapo kwa mara ya kwanza kufanya mazoezi ya kufundisha huwa amekwisha kufunzwa kwamba kila somo lina utangulizi, maendeleo na hitimisho, na kwamba kabla kengele haijalia jibu sharti liwe limeandikwa ubaoni na kunakiliwa madaftarini. Sina ugomvi na utaratibu huo katika hesabu za kugawanya, wala katika kusoma na kuandika. Bila ya utaratibu, darasa la watoto 80 hugeuka kuwa gulio. Lakini katika somo la sayansi, na hasa katika habari za viumbe hai, utaratibu huo umezaa mazoea ambayo kwa maoni yangu yanalidhoofisha somo lenyewe: swali lisiloweza kujibiwa kwa dakika 40 huhesabiwa kuwa si swali la shule. Mtoto huleta jani lenye uvimbe, mwalimu hulitupia jicho mara moja na kusema, "Huo ni ugonjwa wa mti, kalitupe nje," na somo la siku hiyo huendelea kama lilivyoandaliwa.

Makala haya yanapinga mazoea hayo. Shahidi ninayemleta mbele ya wasomaji ni mdudu asiyezidi punje ya mchele kwa urefu, ambaye aliwashinda wataalamu wa Ulaya kwa miaka mingi, si kwa sababu hawakuwa na vitabu, bali kwa sababu hawakukaa naye muda wa kutosha. Ni nyigu aishiye juu ya mti uitwao mwaloni. Jina lake la kitaalamu ni Biorhiza pallida.

Wengi wetu hatujauona mwaloni kwa macho. Jina lake tunalijua kutoka katika Biblia ya Kiswahili, ambamo Ibrahimu alikaa penye mialoni ya Mamre, na ambamo Absalomu, akikimbia juu ya nyumbu, alikwama kichwa katika matawi ya mwaloni. Ni mti wa Ulaya, wa Asia, wa kaskazini mwa Afrika na wa Marekani. Hauoti wenyewe katika misitu yetu ya Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo sipendekezi hata kidogo kwamba mwaloni ufundishwe katika darasa la nne huko Singida au Kitui. Tumekwisha kuwafundisha watoto wetu theluji ya kutosha. Habari za mdudu huyu ni za mwalimu, ili ajue ni kazi ya namna gani anayoikata kwa ufagio anapomwambia mtoto akatupe jani. Baadaye nitarudi kwenye miti yetu wenyewe, ambayo ina mambo yaleyale.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Mti unapotobolewa na wadudu wa namna fulani na kutagwa mayai, sehemu ile huvimba na kufanya kitu kipya ambacho mti peke yake usingekifanya. Kitu hicho nitakiita kinundu. Si donda, wala si kuoza. Kina umbo lake maalumu, na kila aina ya nyigu ina kinundu chake, kiasi kwamba mjuzi akiona kinundu hutaja jina la nyigu bila ya kumwona nyigu mwenyewe. Aina za nyigu wa vinundu vya mwaloni zinazojulikana duniani zinafikia takriban 1,000. Ndani ya kinundu mna chumba, na ndani ya chumba mna buu, na kuta za chumba hicho zimetandazwa tishu laini yenye lishe ambayo buu huila. Mti ndio unaojenga, kwa mali yake mwenyewe, lakini ramani ni ya mdudu. Kwa nyigu hawa ujenzi hutegemea buu aliye hai: akifa mapema, kinundu nacho huacha kukua.

Sasa tumfuate Biorhiza pallida mwaka mzima, au kwa usahihi zaidi, miaka miwili.

Katikati ya majira ya baridi, baina ya Desemba na Februari, wakati mialoni imepukutisha majani yote na watu hawatazamii kumwona mdudu yeyote, majike hutoka ardhini penye mizizi ya mwaloni. Hawana mabawa. Mtu asiye mzoefu angewadhania kuwa ni siafu wanene. Hupanda shina kwa miguu, katika baridi, mpaka kwenye ncha za matawi, na huko hutoboa machipukizi yaliyolala na kutaga mayai mengi ndani yake. Hakuna dume katika kizazi hicho. Wote ni majike, nao hutaga bila ya kupandwa, na mayai yao huanguliwa vizuri.

Majira ya kuchipua yakifika, chipukizi lililotobolewa halitoi majani. Hutoa mahali pake tunda la uongo, duara, laini kama sifongo, lenye rangi ya kijanimanjano iliyochanganyika na wekundu, ambalo kipenyo chake hufikia sentimita 4 hivi. Waingereza hulifananisha na tufaha. Ukilikata utakuta vyumba vingi vidogo, na katika kila chumba buu mmoja. Kufikia Juni na Julai nyigu hutoboa na kutoka. Hawa si kama mama zao. Ni wadogo zaidi, wengi wao wana mabawa, na safari hii wako majike na madume. Tena lipo jambo la ajabu, kwamba aghalabu tunda moja hutoa majike peke yao au madume peke yao.

Baada ya kupandana, majike hawa hawarudi kwenye machipukizi. Hushuka. Huingia ardhini na kutaga katika vijizizi vya mwaloni, na huko huota vinundu vingine kabisa, vidogo, vya rangi ya udongo, ambavyo hakuna apitaye chini ya mti awezaye kuviona. Mabuu wa humo hukua polepole. Majira ya baridi ya kwanza hupita, kiangazi hupita, na ni katika majira ya baridi ya pili ndipo wanapotoka wale majike wasio na mabawa na kuanza kupanda shina.

Mjukuu, basi, hufanana na bibi yake, na mtoto hafanani na mama yake hata kidogo. Yeyote aliyekuwa akikusanya wadudu kwa desturi ya zamani, yaani kumkamata, kumchoma pini na kumpa jina, angewezaje kujua kwamba yule asiye na mabawa wa Januari na yule mwenye mabawa wa Julai ni ukoo mmoja? Hawakujua. Waliwapa majina mawili, wakawaweka katika makundi mawili: yule wa mizizini akaitwa Biorhiza aptera, na yule wa tunda akaitwa Teras terminalis. Majina hayo yaliandikwa vitabuni na kukaririwa na watu wenye elimu kubwa.

Hata watu wa kawaida walimjua mdudu huyu bila ya kumjua. Huko Uingereza ilikuwako sikukuu ya tarehe 29 Mei, ya kukumbuka kurudi kwa Mfalme Charles wa Pili katika mwaka 1660. Na kwa kuwa mfalme huyo alikuwa amejificha ndani ya mwaloni mwaka 1651 alipokuwa akikimbia maadui, watu walivaa jani la mwaloni au lile tunda la uongo. Sikukuu ilifutwa rasmi mwaka 1859. Kwa karibu karne mbili, basi, watoto walikuwa wakivaa kifuani nyumba yenye wapangaji wanaoishi, na wapangaji hao hawakuwa na historia iliyoandikwa.

Aliyeiandika ni Hermann Adler, tabibu wa mji wa Schleswig huko Ujerumani. Kazi yake kuu ilitoka mwaka 1881. Wasomaji wa jarida la mbinu za kufundishia wazingatie njia aliyoitumia, kwa maana ni ya kimaskini kupita kiasi. Alipanda mialoni midogo katika vyungu. Aliwaweka nyigu wa aina moja juu ya mche, akaufunika ili wengine wasiingie, akawatazama wakitaga, akaandika tarehe. Kisha akangoja. Kinundu kilipoota, alikitazama. Nyigu walipotoka, aliwatazama. Akawaweka hao juu ya mche mwingine, akangoja tena. Kwa njia hiyo alionyesha kwamba aina nyingi zilizokuwa na majina mawili zilikuwa vizazi viwili vya aina moja vinavyopokezana. Majina mengi yakafutwa. Kitambaa, chungu, daftari na subira: hakuna hata kimoja kisichopatikana katika shule yetu ya kijijini, ila cha mwisho ndicho adimu.

Nasema ni adimu kwa sababu chati tunazozitundika ukutani zinakifukuza. Chati ya maisha ya mdudu huwa na duara, na mishale minne: yai, buu, pupa, mdudu kamili, kisha yai tena. Mtoto hujifunza kwamba mdudu kamili hutaga yai ambalo litakuwa mdudu kamili kama yeye. Ni kweli kwa kipepeo na kwa nzi, na sidai kwamba chati itupwe. Lakini duara lile limechorwa kana kwamba linajieleza lenyewe, wakati kila mshale wake ni madai ambayo mtu fulani, mahali fulani, ilimpasa kuyathibitisha kwa kungoja. Kwa nyigu wa mwaloni duara moja halitoshi. Yatakiwa maduara mawili yaliyounganishwa kama namba 8. Mwanafunzi aliyepewa duara tu, bila ya kuonyeshwa jinsi linavyopatikana, hana njia ya kujua ni lini duara limekosea. Atalikariri hata pale ambapo mdudu aliye mbele yake anamwambia jambo jingine.

Yuko mtu mmoja ambaye twamtaja sana tunapofundisha asili ya viumbe, naye ni Francesco Redi wa Italia. Mwaka 1668 alitoa kitabu cha majaribio yake ya nyama. Nyama iliyoachwa wazi ilifanya funza; nyama iliyofunikwa kitambaa haikufanya, ingawa nzi walijaa juu ya kitambaa. Hivyo akaonyesha kwamba funza hawazaliwi na nyama bali na mayai ya nzi. Ni jaribio zuri, na nawashauri wanachuo walifanye. Lakini ni mara chache wanachuo huambiwa yaliyobaki. Katika kitabu hichohicho Redi alipofika kwenye vinundu vya miti aliamua vingine: alisema mdudu wa ndani huzaliwa na mti wenyewe, kwa nguvu ya uhai iliyomo ndani ya mti. Mtu yuleyule aliyeiondolea nyama sifa ya kuzaa funza aliupa mwaloni sifa ya kuzaa nyigu.

Tusimcheke. Kinundu kichanga hakina tundu wala mlango. Ukikikata ukamkuta buu katikati, amefungiwa pande zote, huna budi kuuliza aliingia wapi, na jibu la Redi ndilo litakalotolewa na nusu ya darasa lako. Miaka 11 baadaye, yaani mwaka 1679, Marcello Malpighi wa Bologna alichapisha sehemu ya pili ya kitabu chake cha muundo wa mimea, na ndani yake akaeleza vinundu kwa urefu. Yeye hakuanza na kinundu kilichokwisha kukua. Alirudi nyuma, akachunguza machipukizi, akayaona mayai, akamwona na nyigu mwenyewe akitaga katika chipukizi la mwaloni. Mlango ulikuwako, ulifungwa kabla ya nyumba kujengwa. Tofauti baina ya watu hawa wawili haikuwa akili. Mmoja alimtazama mdudu mwishoni mwa habari yake na mwingine alianza mwanzoni.

Hapa ndipo penye hoja yangu kwa mwalimu. Mtoto anapoleta jani lenye uvimbe, somo la dakika 40 humlazimisha mwalimu kuwa Redi: kukata, kutazama, kutoa jibu. Na kwa kuwa mwalimu hana muda, jibu lake huwa duni kuliko la Redi.

Tena hata kungoja kwenyewe kuna mitego, na ni vizuri mwalimu aijue kabla ya kuanza. Atokaye ndani ya kinundu si lazima awe ndiye aliyekijenga. Lile tunda la mwaloni ni mji. Wako nyigu wengine wasioweza kujenga, ambao huja kutaga ndani ya nyumba iliyokwisha kujengwa na watoto wao hula lishe ya mwenye nyumba. Wako na nyigu wadogo zaidi, wengine wenye rangi ya kijani inayong'aa kama shaba iliyosuguliwa, ambao hutoboa kinundu kwa mkuki wao mrefu na kutaga juu ya buu, na mtoto wao humla buu akiwa hai. Darasa likingoja wiki tatu kisha likaona katika chupa nyigu wa kijani, litashangilia kwamba limempata mjenzi, kumbe limempata muuaji. Mwalimu asiyejua habari hii atawafundisha watoto uongo wa dhati. Mwalimu aijuaye atauliza: Wametoka wa namna ngapi? Wa namna ipi ni wengi? Matundu waliyotokea yanalingana? Maswali hayo matatu yanazidi kurasa nyingi za kunakili.

Turudi nyumbani. Upo mfano unaofanana mno na huu, tena umekuja wenyewe hadi uani kwetu. Shule nyingi zina mikaratusi iliyopandwa kwa ajili ya kuni, nguzo au kivuli. Mnamo mwaka 2002 iligunduliwa Kenya na Uganda kwamba mikaratusi imeingiliwa na nyigu mdogo, na miaka michache baadaye akaonekana Tanzania pia. Asili yake ni Australia, kama ilivyo asili ya mikaratusi yenyewe. Wataalamu walimpa jina la Leptocybe invasa mwaka 2004. Si wa ukoo wa nyigu wa mwaloni, lakini kazi yake ni ileile: hutaga katika mshipa wa kati wa jani, katika kikonyo na katika vitawi vichanga, na hapo huota vinundu vilivyopangana kama shanga, vya kijani mwanzoni, kisha vya waridi, mwishowe vya hudhurungi. Vikizidi, mche hupinda na kudumaa. Wakulima wa miti wamepata hasara kwake, basi asiwepo wa kusema kwamba uchunguzi huu ni mchezo. Naye pia aghalabu ni majike watupu wanaozaa bila madume. Urefu wake ni milimita moja na kitu, hivyo yatakiwa lenzi, au macho ya watoto, ambayo mara nyingi yanashinda ya mwalimu.

Namna ya kumlea ni ile ya Adler. Kitawi kilichokatwa hukauka, na mabuu wachanga hufa pamoja nacho. Kwa hiyo ni heri kufunga mfuko wa kitambaa chepesi juu ya kitawi kikiwa bado mtini, na kuufunga mdomo wake kwa uzi ili asiingie wala asitoke yeyote. Ikiwa ni lazima kukata, vichaguliwe vinundu vilivyokwisha kuwa vya hudhurungi, viwekwe katika chupa ya kioo iliyofungwa kitambaa mdomoni. Isitumiwe mifuko ya plastiki juani, kwani hupika kila kilichomo.

Palipo na mkuyu, ni bora zaidi. Kila mtoto aliyepata kuchuma kuyu na kulipasua anajua kwamba mna wadudu, na wengi wameambiwa kuwa hayo ni makuyu yaliyooza. Sivyo. Ndani ya kuyu mna maua mengi madogo, na nyigu wa mkuyu hutaga katika baadhi yake. Ua lililotagwa hugeuka kuwa kinundu kidogo na kumlea buu. Madume hutoka kwanza. Hawana mabawa, hawafanani na majike, huwapanda majike wakiwa bado katika vyumba vyao, kisha hutoboa njia ya kutokea, na maisha yao huishia hapo. Majike hutoka kwa njia hiyo wakiwa wamebeba poleni ya kupeleka kwenye makuyu mengine. Bila ya nyigu huyo mkuyu usingepata mbegu. Mpe mtoto kuyu moja na lenzi moja, umwulize humo mna wadudu wa aina ngapi. Atakapotaja dume na jike kuwa ni aina mbili, atakuwa amefanya lilelile lililofanywa na wataalamu wa mwaloni, nawe utakuwa na mahali pa kuanzia mazungumzo.

Na kwa wale wanaofundisha katika nyika zenye udongo mweusi, uko mti wa jamii ya migunga wenye miiba iliyovimba chini kama vitunguu, ambayo hupiga mluzi upepo unapovuma katika matundu yake. Ndani yake mna sisimizi wakali. Watu wengi, na hata vitabu kadhaa, huuita uvimbe huo kazi ya sisimizi. Lakini mche wa mgunga huo ukioteshwa mahali pasipo na sisimizi hata mmoja, miiba yake huvimba vilevile. Mti hujenga wenyewe na sisimizi huhamia. Basi vitu viwili vinavyofanana kwa macho, kinundu cha mkaratusi na uvimbe wa mgunga, vina sababu mbili tofauti, na hakuna njia ya kuvitenganisha kwa kutazama tu.

Najua majibu nitakayopewa. Watasema wengine kwamba mtihani hauulizi habari za vinundu. Ni kweli. Mtihani huuliza hatua za ukuaji wa mdudu, na sioni kwa nini mtoto aliyeziona hatua hizo ashindwe kuziandika. Lakini sitaahidi kwamba alama zitapanda, maana kuna mengi yanayopandisha na kushusha alama. Wengine watasema darasa lina watoto 90 na mwalimu ni mmoja. Kazi ninayoizungumzia yahitaji mfuko mmoja wa kitambaa, mti mmoja, na dakika 5 kila wiki. Watoto wawili hutumwa kutazama, hurudi, husema walichokiona, kikaandikwa. Wiki ifuatayo hutumwa wengine wawili. Somo la kawaida huendelea kama kawaida.

Pingamizi zito zaidi halisemwi hadharani. Ni hofu ya mwalimu kusimama mbele ya watoto akiwa hana jibu. Mwanachuo hufundishwa kutawala darasa, na huhisi kwamba neno "sijui" litamvua heshima yote, hasa siku ambayo mkufunzi amekaa nyuma ya darasa na karatasi yake ya alama. Nami nadhani lawama hapa ni ya vyuo zaidi kuliko ya mwanachuo. Tukimpa alama kwa hitimisho peke yake, atatafuta hitimisho hata pasipokuwa nalo. Yafaa karatasi ya tathmini iwe na nafasi ya kuuliza kama mwanachuo aliacha swali lililo wazi, na kama aliweka njia ya kulifuatilia. "Sijui" peke yake ni uvivu. "Sijui, tutaweka mfuko juu ya kitawi na kutazama kila Ijumaa" ni kufundisha.

Mtu mmoja aliyetumia miaka mingi ya maisha yake kwa nyigu wa vinundu alilifikiria pia suala la walimu. Alfred Kinsey wa Chuo Kikuu cha Indiana, ambaye baadaye alipata umaarufu wa namna nyingine kabisa, alikusanya nyigu na vinundu kwa mamilioni, ambavyo vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la viumbe huko New York. Mwaka 1930 alitoa kitabu kikubwa juu ya nyigu wa mwaloni, na mwaka 1937, kabla hajayaacha masomo hayo, akatoa kitabu cha mbinu za kufundishia elimu ya viumbe kwa ajili ya walimu wa shule. Hainishangazi kwamba mtu mmoja alifanya yote mawili.

Limebaki jambo la daftari. Lisiwe la mtoto mmoja mmoja, kwa kuwa madaftari ya watoto hupotea na mwaka huisha. Liwe moja la darasa, gumu, likae ofisini, na darasa la nne lipandapo kwenda la tano lipande nalo. Mwanachuo ambaye mazoezi yake ni ya wiki chache ahakikishe kabla ya kuondoka kwamba mwalimu wa darasa amelipokea kwa mkono na amejua mfuko uko mti gani. Wakati wa likizo apewe kazi mtoto anayekaa karibu na shule. Michoro isinakiliwe kutoka kitabuni ili kumpendeza mkaguzi. Mchoro mbaya wa kitu kilichoonekana uachwe ulivyo. Kila ukurasa uwe na tarehe, jina la mti, majina ya waliotazama na walichokiona, na ikiwa wiki hiyo hakuna kilichotoka, iandikwe kwamba hakuna kilichotoka.